Kutoka Mwingi hadi Loresho kwa Ajili ya Neno Moja

Nilifunga safari ya Nairobi kwa sababu ya neno moja, neno nililoliandika kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu, bila kumwuliza mtu. Majirani zangu hapa Mwingi waliponiona Jumanne asubuhi nimevaa koti la harusi na kubeba ule mkoba wangu wa shule, walidhani naenda kwa daktari wa macho. Niliwaacha wadhani hivyo. Sasa nimerudi, na nimeona heri niandike yote, kwa kuwa wengi wenu mnacho kile kijitabu nyumbani na baadhi yenu niliwafundisha kwacho.

Kijitabu chenyewe niliandika na Mwalimu Njoroge. Tulifundisha pamoja miaka tisa katika shule moja ya Thika, mimi Kiswahili na Historia, yeye Historia na Serikali. Katiba mpya ilipopita, watu walituuliza maswali hata sokoni. Je, kaunti ni serikali au ni tawi la serikali? Gavana na waziri, mkubwa ni nani? Tukaamua kueleza aina za serikali kwa Kiswahili chepesi, za hapa kwetu na za kwingine. Kazi kubwa ikawa kutafuta maneno. Nchi ambayo mamlaka yote chimbuko lake ni serikali moja, na zile za chini zinafanya yale zilizokabidhiwa, tuliita nchi ya serikali kuu moja. Nchi ambayo sehemu zake zina mamlaka yao wenyewe ndani ya katiba, mamlaka ambayo wakubwa wa mji mkuu hawawezi kuyachukua wakiamka vibaya, kama Nigeria au Ujerumani, tuliita shirikisho. Na pale nchi huru zinapoweka baadhi ya mamlaka yao mezani pamoja, chini ya chombo kilicho juu ya zote, kama walivyofanya Ulaya na kama sisi Afrika Mashariki tunavyojaribu, tuliita jumuiya. Tulikubaliana na kupeana mikono katika chumba cha walimu, chai ikipoa.

Halafu prufu zikaja, yaani zile kurasa za mwisho ambazo mwandishi huzipitia kabla ya kuchapwa. Njoroge alikuwa na msiba wa mkwewe, kwa hiyo nikaenda mjini peke yangu. Nilipofika ukurasa wa kumi na tisa, neno shirikisho halikunipendeza. Niliona wanafunzi watafikiria mpira, maana shirikisho wanalolijua wao ni la soka. Nikalifuta, nikaandika majimbo. Mimi ni Mkatoliki. Jimbo kwangu ni la askofu, lina mipaka yake, na kila Jumapili tunaliombea. Sikusikia kitu kingine chochote ndani ya neno hilo. Tena, ili lieleweke zaidi, nikaongeza sentensi yangu mwenyewe na kujipongeza kwa ufupi wake: "Katika nchi ya majimbo, kila mtu ana kwao." Nikatia sahihi, nikapanda basi la kurudi.

Njoroge ana dada yake mkubwa, Tabitha, ambaye sote tulimwita Mama Shiru. Aliishi na kulima Bonde la Ufa miaka ishirini, mpaka miaka ya vurugu, watu walipokuja langoni kwake wakipiga kelele za neno hilohilo, majimbo, na kumwambia arudi kwao. Alirudi na watoto na sufuria moja, akakaa kwa ndugu yake Loresho. Kijitabu kilipotoka, Njoroge alimpa yeye nakala ya kwanza. Alisoma mpaka ukurasa wa kumi na tisa. Wiki ile ile alihama, na tangu hapo hajakanyaga tena nyumba ya ndugu yake.

Njoroge alinipigia simu mara moja tu. "Mutisya, umeandika nini?" aliuliza. Badala ya kunyamaza, nilijibu kama mwalimu: "Ni tafsiri tu, Njoroge. Neno liko kwenye kamusi." Hilo jibu nalijutia kuliko hata ile sentensi. Hatukuzungumza tena kwa zaidi ya miaka kumi.

Wiki jana mhariri alipiga simu. Kijitabu kinachapwa upya, na waandishi wote wawili wanatakiwa kukipitia. "Mwalimu Njoroge ashatuma yake," alisema. "Lakini kuna page moja amekuandikia wewe." Sikumwuliza ni ukurasa gani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi liliondoka Mwingi. Nilikaa dirishani na kufanya mchezo wangu wa zamani wa kutazama mipaka. Zamani kutoka kwetu mpaka kuvuka mto kuelekea Thika ulikuwa ndani ya mkoa mmoja, wa Mashariki, na mkuu wa mkoa alitumwa kutoka Nairobi na angeweza kuitwa arudi Nairobi kabla hajafungua masanduku. Siku hizi kuna vibao: karibu kaunti hii, kwaheri kaunti ile. Matuu wanauza maembe na matikiti yale yale upande huu na ule, na hakuna aliyesimamisha basi kutuuliza sisi ni wa kaunti gani. Nilifurahia jambo hilo kama dakika tano. Kisha nikakumbuka kwamba Mama Shiru naye alipita barabara isiyo na kizuizi siku alipohamia Bonde la Ufa. Alizuiwa baadaye sana, nyumbani kwake.

Saa nne na nusu niliteremka katikati ya jiji. Miguu iliniuma kidogo, lakini nilitembea makusudi kupitia upande wa ofisi za serikali. Ndani ya mwendo wa dakika kumi unapita ofisi za kaunti na za wizara za serikali ya kitaifa, na mbele ya jengo moja nikaona bendera ya Kenya na kando yake ile ya buluu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ningekuwa na darasa langu, ningewasimamisha pale. Ningewaeleza kwamba Kenya si shirikisho, ingawa watu wengi husema hivyo. Ni nchi moja iliyogatua, na kaunti zake arobaini na saba zinalindwa na katiba lakini si dola ndogo ndogo. Ningewaambia watazame Tanzania pia, ambako Zanzibar ina serikali yake na Bara haina ya peke yake, wakapasuke vichwa. Nilisimama nikieleza hayo yote kimoyomoyo, na mwanamke aliyekuwa akiuza njugu akaniuliza, "Mzee, umepotea?" Nikamwambia sijapotea. Ulikuwa uongo mdogo.

Ofisi ya mchapishaji iko orofa ya nne, karibu na barabara ya Tom Mboya. Mhariri anaitwa Akinyi, binti mchangamfu mwenye miwani mikubwa. "Karibu Mwalimu, pole na safari," akasema. "Hii ndio kitabu yenu." Niliumia. Nilikaribia kumsahihisha, kitabu chenu, ngeli ya ki-vi, kidole kikiwa tayari hewani. Halafu nikaona jambo la kuchekesha na kutia aibu: mimi ninayekosa usingizi kwa ajili ya ngeli ndiye niliyevunja nyumba ya watu kwa neno lililo sahihi kabisa kisarufi.

Alinifungulia nakala ya Njoroge. Alikuwa amesahihisha kila ukurasa kwa penseli, mwandiko wake wa zamani ukitetemeka. Ukurasa wa kumi na tisa hakugusa chochote. Pembeni aliandika maneno manne tu: "Hili ni la Mutisya."

"Anamaanisha nini?" Akinyi aliuliza.

"Anamaanisha kosa ni langu."

"Ah, si tubadilishe tu? Niambie unataka gani, nabadilisha hapa kwa kompyuta. Dakika moja."

Natamani niseme sikushawishika. Dakika moja tu, na ningekuwa kwenye basi la saa nane. "Ngoja," nikasema. "Kuna watu wa kuulizwa kwanza. Safari ile sikuwauliza."

"Sawa, lakini kesho saa nne inaenda kwa mashine. Usiniangushe, Mwalimu."

Saa saba mchana nilikuwa Westlands. Loresho haiko mbali na hapo, na ningeweza kuendelea moja kwa moja, ila nilijiambia siwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Nikanunua majani ya chai, sukari na mkate. Hilo lilichukua dakika ishirini. Saa nzima iliyofuata niliitumia kwenye mkahawa, chini ya yale majengo marefu ya vioo, nikinywa chai nisiyoitaka. Woga unajua kujivika adabu.

Msichana aliyeniletea chai alikuwa na Kiswahili cha upole, kilichopindapinda. Nilimwuliza ametoka wapi.

"Mbale, Uganda."

"Ulikuja na pasipoti?"

"Kitambulisho tu, mzee. Pale Malaba wanaangalia, wanagonga, unapita. Nina mwaka wa pili hapa."

"Na watu wanakusumbua? Wanakuambia urudi kwenu?"

Alicheka. "Wananicheka nikiongea. Lakini kurudi, hapana."

Nilimwangalia akienda na sinia yake. Kumbe Jumuiya, ambayo mimi huwaambia wanafunzi kwamba bado inajifunza kutembea, ilikuwa imemvusha binti huyu mpaka wa nchi kwa kadi. Na Mama Shiru, raia wa nchi moja yenye wimbo mmoja wa taifa, aliondolewa shambani mwake ndani ya nchi hiyo hiyo. Nimelinganisha aina za serikali ubaoni miaka thelathini, na ulinganisho huo sikuwahi kuuandika. Chai ikanishinda.

Saa tisa na robo nilishuka Waiyaki Way na kutembea kuingia Loresho. Kuta ni ndefu, ua umekatwa vizuri, na mbwa wanabweka nyuma ya malango ya chuma. Nyumba ya Njoroge iko katikati ya majumba hayo, ya mawe, ndogo, yenye mistari ya sukuma wiki na ng'ombe mmoja. Watu wake walikuwa pale kabla majumba hayajaja. Alinifungulia lango mwenyewe, kofia kichwani, mkono wa kulia ukitetemeka. Sikujua kuhusu mkono huo. Kuna mengi mtu hayajui akikaa kimya miaka kumi.

"Umezeeka, Mutisya," akasema.

"Wewe je?"

"Mimi niko na sababu. Ingia."

Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, akaniambia, na hilo pia sikulijua. Alichemsha chai mwenyewe na kukataa nimsaidie kubeba kikombe. Tulikaa kama watahiniwa wawili wanaosubiri karatasi ya mtihani. Mwishowe yeye ndiye aliyeanza, kwa ule mtindo wake wa darasani.

"Haya, Mwalimu. Nieleze tofauti ya shirikisho na ugatuzi."

Nikaeleza. Kwamba katika ugatuzi nchi ni moja na inagawa kazi. Chekechea kwa kaunti, sekondari kwa serikali ya kitaifa, zahanati huku, jeshi kule. Kwamba katika shirikisho sehemu hazingoji kupewa. Zina mamlaka yao tangu siku ya mkataba, na mara nyingi zina mabunge na mahakama zao.

"Na Mjerumani wa kaskazini akihamia kusini, anunue nyumba?"

"Anabaki raia. Hakuna wa kumrudisha."

"Kwa hivyo katika shirikisho la kweli, mtu kwao ni wapi?"

"Popote alipo ndani ya nchi."

"Ulijua," akasema polepole. "Ulijua yote hayo, na bado ukaandika kila mtu ana kwao."

Nilimwambia kwamba nimekuja kuomba msamaha, kwake na kwa Mama Shiru, na kwamba nilipaswa kuja mwaka ule ule. Nikamwomba aniambie dada yake anakaa wapi nikamweleze kwamba nakubali lile neno ni langu, kama anavyojua.

Njoroge aliweka kikombe chini. "Hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui ni wewe. Alinitupia hiyo kitabu mezani, akaniuliza, Njoroge, ni wewe umeandika hii? Nikamwambia ndiyo, ni mimi."

Nilimwuliza kwa nini, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Ningemwambia nini? Ni rafiki yangu Mkamba? Tabitha alifukuzwa na watu aliwahi kuwaazima chumvi. Alikuwa amebakisha watu kidogo sana wa kuamini. Nikaona heri anikasirikie mimi ndugu yake, kuliko aanze kuogopa kabila ingine. Ndugu mtakosana, mtarudiana. Nilifikiria ni wiki mbili."

"Na ikawa miaka."

"Ikawa miaka. Na jina langu lilikuwa hapo nje ya kitabu, Mutisya. Sikuwa nadanganya sana."

Nililia. Ninaandika hivyo bila kupamba, kwa kuwa mnanifahamu kama mtu asiyelia. Njoroge alingoja nimalize, akasema kuna unga, tutakula ugali mapema, na kwamba dada yake anakaa na Shiru, bintiye, karibu na maduka ya Adams Arcade. Nilale hapo, asubuhi tutaenda.

Alinilaza katika chumba cha Tabitha. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Blanketi la rangi ya damu ya mzee lilikunjwa miguuni, na juu ya meza ndogo palikuwa na miwani ya kusomea ndani ya kikasha chake. Njoroge aliniambia huwa anaifuta vumbi kila Jumamosi.

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, tuliingia kwenye teksi. Tulipita James Gichuru na Lavington, foleni ikisogea na kusimama, na Njoroge akimwelekeza dereva apinde wapi. Karibu na Ngong Road alianza kufunga na kufungua kifungo cha sweta kwa ule mkono mbaya. Tulipofika maegesho ya Adams Arcade alikataa kuendelea. Nyumba za ghorofa anakoishi Shiru ziko hapo nyuma tu, ng'ambo ya ua. "Nenda wewe," akasema. "Mimi siwezi kukataliwa mara mbili. Nitangoja hapa."

Saa mbili na nusu nilipiga hodi mlango wa orofa ya tatu. Mama Shiru alifungua mwenyewe. Shiru alikuwa ameshaenda kazini. Amepungua, na anatembea na fimbo, lakini macho ni yale yale. Alinitambua mara moja.

"Mwalimu Mutisya! Haiya, wewe uko hai? Karibu ukae. Wewe ulipotea wapi?"

Alifurahi kuniona. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa ananiuliza habari za watoto na za mvua Mwingi, na mimi nimeshika mkoba magotini kama mgeni wa posa. Nilimkatiza. Nilimwambia neno lile la ukurasa wa kumi na tisa niliandika mimi, peke yangu, na ile sentensi pia. Kwamba Njoroge hakuiona mpaka kitabu kilipotoka. Nilimwambia na sababu aliyonipa Njoroge, kama alivyoisema.

Redio ya jirani ilikuwa ikitoa matangazo ya vifo.

"Kwa hivyo sio Njoroge," akasema.

"Sio yeye."

"Mimi huyo nilimbeba kwa mgongo. Mama akienda shamba, mimi ndio nilikuwa nambeba." Alinyoosha kidole, si kwa hasira. "Mke wake akifa, mimi nilikaa nyuma ya kanisa na sikumpatia mkono. Unajua hiyo?"

"Sikujua, Mama Shiru."

"Aliniangalia. Mimi nikaangalia pande ingine."

Nikasema nisamehe. Aliuliza kama nimebeba hicho kitabu, nikampa. Hakuhitaji kutafuta ukurasa. Aliweka kidole juu ya zile aya tatu, ya serikali kuu moja, ya majimbo na ya jumuiya.

"Wewe ni mwalimu wa hii mambo. Niambie sasa. Kati ya hizi serikali zako tatu, ni gani ingeniacha kwa shamba yangu?"

Nilifungua mdomo. Miaka thelathini ya majibu ilikuwa tayari kutoka. Nilitaka kusema serikali kuu moja, kwa kuwa sheria yake ni moja nchi nzima. Lakini wakati ule ilikuwa ndiyo hiyo, na siku ile langoni pake hakufika mtu. Nilitaka kusema shirikisho. Lakini shirikisho linategemea ni nani ameshika ile sehemu yako, na anakuhesabu vipi. Nikafikiria jumuiya na mahakama yake iliyoko Arusha, na mwanamke mwenye sufuria moja akiulizia njia ya Arusha.

"Sijui," nikasema.

"Hujui."

"Ni mambo ya karatasi, Mama Shiru. Wale watu wa langoni, sijui karatasi gani ingewazuia."

"Basi ungeandika hivyo," akasema. "Ungeandika hujui. Mimi singekasirika."

Nilimwuliza tuweke neno gani badala ya langu. Alisema shirikisho ni sawa, haliumi mtu. Na ile sentensi? "Futa. Usiweke kitu ingine hapo." Kisha akasimama kwa fimbo yake mpaka dirishani kuchukua kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimeanikwa, na hapo akatulia.

"Ni nani huyo amesimama huko chini na kofia?"

"Ni yeye."

Alifunga kitambaa. Alivaa viatu, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Nilimpa mkono ashikilie ngazi zilipoanza, hakuuchukua. Alishuka orofa tatu kwa kushika ukingo, na mimi nikimfuata nyuma nimebeba kitabu.

Yaliyotokea pale maegesho siwezi kuyasimulia, kwa sababu yalikuwa kwa Kikuyu, na mimi kwa miaka tisa ya Thika niliokota Kikuyu cha sokoni tu, salamu na bei. Nilisimama kando ya gari la mtu. Nilisikia jina la Njoroge mara nyingi, kila mara kwa sauti tofauti. Nilimwona akivua kofia. Nilimwona dada yake akimfungulia kile kifungo cha sweta alichokuwa amekikosea na kukifunga sawasawa, huku akiendelea kuongea. Watu walipita na mifuko yao. Sijawahi kuona jambo zuri hivyo nikiwa na uchungu hivyo, maana kila dakika waliyokuwa nayo pale ilinionyesha zile walizokosa.

Baada ya muda Njoroge alinijia. Macho yalikuwa mekundu.

"Anasema atakuja nyumbani Jumapili, baada ya kanisa."

"Mungu asifiwe."

"Na wewe anasema amekusikia. Hajasema kusamehe. Amesema usirudi kwake tena." Alinitazama. "Nimemwambia nitakuambia kama alivyosema."

"Na wewe, Njoroge?"

Alifikiri. "Nilidhani siku nikikuona nitakupigia kelele. Sasa nimekuona, nimechoka tu. Nenda mjini, saa nne inafika." Alinipa mkono wa kushoto, ule mzima. Haukukaa sana katika wangu.

Saa nne kasoro dakika kumi nilipanda zile ngazi za ofisi nikihema. Akinyi alikuwa akinisubiri, vidole juu ya kompyuta. Tulibadilisha neno kila mahali lilipokuwa. Tulipofika kwenye sentensi yangu aliifuta, pakabaki nafasi ya mstari mmoja katikati ya ukurasa.

"Tuweke nini hapa? Inakaa vibaya ikiwa wazi."

"Ikae vibaya," nikamwambia.

Kisha nikamwomba aongeze mstari mmoja katika utangulizi, kwamba kosa la ukurasa wa kumi na tisa katika toleo la kwanza lilikuwa la Mutisya peke yake, na Njoroge hakulijua. Alisema waandishi huwa hawaandiki vitu kama hivyo. Nilimwambia ajaribu. Aliandika, akanisomea, na safari hii ngeli zote zilikuwa sawa.

Saa saba basi liliondoka. Thika, mto, Matuu, vibao vya kwaheri na karibu, nikivisoma kinyumenyume. Mtaniuliza nimejifunza nini, nami nimezoea kumalizia kila safari kwa funzo. Nimejifunza kwamba nilijua serikali za dunia nzima na sikujua nyumba moja ya Loresho. Nimejifunza kwamba neno linaweza kuwa safi kanisani kwangu na kuwa moto langoni kwa mwenzangu, na kwamba simu moja ingetosha kuniambia hivyo. Na kwamba rafiki yangu alinificha nyuma ya jina lake miaka yote hiyo ili mwanamke mmoja asiwachukie watu wangu, yaani nyinyi mnaosoma hapa. Mlikuwa hamjui mna deni hilo la heshima kwa Mkikuyu mmoja mwenye mkono unaotetemeka. Sasa mnajua.

Jumapili nilikwenda misa kama kawaida. Msomaji alifika kwenye maombi, akaliombea jimbo letu. Nimeliombea tangu nilipobatizwa, kinywa kinatangulia akili. Safari hii nikaanza kuhesabu saa, kama kanisa limekwisha kule Loresho, kama lango limefunguliwa, kama ile miwani mezani imepata mwenyewe. Wenzangu wote wakaitikia kwa sauti moja. Mimi niliitikia baadaye, peke yangu, watu walipokwisha kunyamaza.